Fundi Aliyepima Kila Kitu Isipokuwa Maharagwe

Ndugu msomaji, simama wima. Kama una kofia, ivue. Kama una mtoto mgongoni, mbembeleze anyamaze. Unakaribia kusoma habari za vita kuu. Vita hivi vilidumu wiki nane. Vilipiganwa kwa ushujaa, kwa jasho na kwa moshi mwingi sana.

Adui alikuwa sufuria ya maharagwe.

Basi, unaweza kukaa. Kofia rudisha, jua ni kali.

Katika nyumba ya vyumba viwili na baraza moja, alikaa mama mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Kila asubuhi alisukuma cherehani yake mpaka barazani, akaifuta vumbi, akatia tone la mafuta, akaanza kukanyaga. Ilikuwa cherehani nyeusi ya miguu. Sauti yake ilikuwa kama mbuzi anayetafuna mahindi makavu. Fundi aliipenda kama mtoto wa pili.

Shida ni moja. Haikuwa yake. Aliikodi kwa mzee mmoja aliyekuwa mshonaji zamani.

Mume wa Fundi alikuwa mpaka rangi, na watu walimwita Rangi. Hata siku ya mapumziko hakukosa doa kwenye sikio. Alikuwa na kicheko kikubwa. Pia alipenda maji ya moto. Kila jioni alichemshiwa ndoo nzima ya kuoga, kwa mkaa.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na sita. Alisoma shule ya bweni na alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Walimwita Msomi. Kuhusu binti huyu nitasema machache, kwa sababu ya unyenyekevu. Alikuwa na adabu, akili nyingi, na uso usio na hatia yoyote. Tuendelee.

Siku ya kwanza ya likizo, mzee mwenye cherehani alifika barazani na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Fundi.

"Marahaba, mwanangu. Magoti yangu sasa yana kelele kuliko cherehani hii. Nahamia kwa kijana wangu. Nauza vitu vyangu vyote."

Miguu ya Fundi ikasimama. "Na hii pia?"

"Na hii pia. Yuko mwenye duka la nguo anaitaka. Ana pesa mkononi. Lakini wewe umeitunza miaka sita. Nakupa nafasi ya kwanza. Shule zikikaribia kufunguliwa, nitarudi. Ukiwa na bei yake, ni yako. Usipokuwa nayo, nitaichukua."

"Hizo ni wiki nane, mzee."

"Ni wiki nane, mwanangu."

Wahenga walisema mwenye shoka hakosi kuni. Hawakusema kwamba shoka la kuazima lina siku zake.

Fundi aliingia ndani akachukua mto mdogo wa kahawia. Yeye hakuweka akiba kwenye kopo. Kopo lina mfuniko, na mfuniko hauna siri. Aliweka akiba ndani ya mto, akaushona. Kila mwisho wa wiki aliufumua, akaongeza kidogo, akaushona tena. Mishono yake ilikuwa midogo na imepangana kama meno ya mtoto. Mtu mwingine angeufungua na kuushona, angejulikana papo hapo.

Aliufumua, akahesabu. Ndani mlikuwa na nusu ya bei. Nusu nyingine haikuwepo popote.

Wateja walikuwa walewale na magauni yalikuwa yaleyale. Pesa mpya haikuonekana inakotoka. Basi itatoka kwenye ile ile inayotumika nyumbani. Fundi alikaza uzi, akaukata kwa meno.

"Cherehani hii haitoki hapa," alisema. "Nimesema."

Jioni ile Rangi aliposikia habari, alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Mke wangu, usiwe na hofu! Kuanzia leo tunabana matumizi. Tutayabana mpaka yalie!"

Hapohapo akazima taa ili kuokoa umeme. Wakala gizani. Rangi alitia kijiko kwenye chai ya mkewe, na mkono wa shati kwenye mchuzi. Kufua shati lile kulikula sabuni kuliko taa ilivyokula umeme.

Kesho yake alirudi nyumbani akiimba, na gunia dogo begani.

"Maharagwe! Nusu bei!" alitangaza. "Na muuzaji alifurahi mpaka akanishika mkono mara mbili."

"Mara mbili?" aliuliza Fundi.

"Mara mbili! Mtu mwungwana sana."

Fundi aliweka maharagwe jikoni saa mbili asubuhi. Saa sita mchana Rangi akaonja moja. Likalia *ka!* kwenye jino.

"Yameiva?" aliuliza Fundi.

"Yanakaribia," alijibu Rangi, ameshika shavu.

Saa tisa alionja tena. Yalikuwa bado yanakaribia. Fundi akaongeza mkaa. Siku ya pili akaongeza tena. Siku ya tatu walikuwa wamechoma mkaa unaotosha wiki mbili, na maharagwe bado yaligonga sahani kama mvua ya mawe. Msomi alipendekeza kwa heshima kwamba yamwagwe barabarani kuziba mashimo. Pendekezo lake zuri halikujadiliwa.

Fundi alichukua ule mto. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, aliufumua kutoa pesa, ya kununulia mkaa. Hata Rangi alinyamaza, na Rangi hanyamazi hata akiwa amelala.

Hapo ndipo sauti ilipoita nje.

"Hodi! Nani anachoma kiatu humu?"

Alikuwa jirani yao, mpishi wa hospitali. Kila siku alipikia wagonjwa mia tatu. Mtaani walimwita Bi Mwiko. Jumamosi aliwafundisha watu wazima kusoma barazani kwake, na Fundi alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

"Si kiatu, jirani," alisema Fundi. "Ni maharagwe."

Bi Mwiko alifunua sufuria. Akachota punje chache kwenye gunia, akazigeuza kiganjani.

"Nani kanunua hizi?"

Rangi akatazama dari. Aliipaka mwenyewe dari ile, na hakuwahi kuitazama kwa makini namna hii.

"Shemeji," alisema Bi Mwiko, "ona ngozi ilivyokunjamana. Ona rangi ilivyofifia. Haya ni maharagwe ya misimu mingi. Yana umri wa kupewa shikamoo. Umeokoa nusu ya bei, halafu umechoma mkaa wa bei mbili. Sasa umepata faida gani?"

"Faida ya mazoezi ya meno," alijibu Rangi kwa sauti ndogo.

Bi Mwiko alicheka. Kisha akaona kitambaa juu ya meza ya kushonea. Kilikuwa cha mteja, na kilikuwa kidogo.

"Fundi, hiki unashona nini?"

"Gauni la mikono mirefu."

"Kitatosha?"

"Kitatosha nikikipanga."

"Hebu nione."

Fundi akatandaza kitambaa. Akapima kwa utepe. Akachora kwa chaki ya bluu: mbele, nyuma, mkono huu, mkono ule. Akageuza kipande cha kola, akakilaza ubavuni mwa mkono. Vyote vikaenea. Mpaka hapo alikuwa hajagusa mkasi.

"Umepima mara ngapi?" aliuliza Bi Mwiko.

"Mara mbili. Nguo ikishakatwa hairudi tena ikawa nzima."

"Vizuri. Sasa niambie, Alhamisi mtakula nini?"

"Alhamisi ikifika tutajua."

"Mchele unatia vikombe vingapi?"

"Natia tu. Kwa jicho."

"Mafuta?"

"Namimina."

"Yaani gauni la mtu mwingine unalipima mara mbili, na chakula chako unakikata bila utepe?"

Fundi alimtazama, akatazama chaki mkononi mwake. Kisha akasema polepole, "Mganga hajigangi."

"Ajigange leo," alisema Bi Mwiko, akakunja mikono ya gauni lake. "Bandu bandu huisha gogo, jirani. Nyumba hii haina shimo moja kubwa. Ina vitundu vingi vidogo. Tuvizibe kimoja kimoja. Leta maji."

Waliloweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi wakamwaga maji yale, wakatia mengine. Bi Mwiko aliweka mfuniko juu ya sufuria.

"Usipofunika, unapikia hewa. Hewa haishibi."

Maharagwe yakachemka kwa nguvu. Bi Mwiko alisema yale ya kawaida, yakishalowekwa, yanatoshwa na nusu saa motoni. Wazee wale aliwapa saa nzima.

"Sasa niletee kikapu kikubwa, na vile vipande vya nguo unavyotupa."

"Vya nini?" aliuliza Fundi.

"Vya kupikia."

Rangi alimnong'oneza Msomi, "Wagonjwa wamemchosha."

Fundi alileta gunia zima la vipande. Wakavijaza kwenye kikapu, chini na pembeni, wakaacha nafasi ya sufuria katikati. Wakaiweka humo ikiwa bado inatokota, na mfuniko wake. Juu yake wakaweka mto mnene uliojazwa vipande vilevile.

"Joto linataka kutoka," alisema Bi Mwiko. "Nguo zinalizuia, kama koti linavyokuzuia usihisi baridi. Maharagwe yatajipika yenyewe bila mkaa. Usifunue. Ukifunua, umelifungulia joto mlango. Na kabla ya kula, rudisha motoni yachemke tena kidogo, kwa usalama."

Rangi alizunguka kikapu saa nne nzima kama paka mlangoni mwa bucha. Mara tatu alitaka kuchungulia. Mara tatu Fundi alimwonyesha sindano.

Saa nane wakafunua. Mvuke ukatoka. Wakayachemsha tena kidogo, na Rangi akachukua punje moja, akafumba macho, akauma.

Hakuna kilicholia.

"Mke wangu," alisema, machozi yakimlenga. "Yamejisalimisha."

Tangu siku ile Fundi alipigana kama anavyoshona, mstari kwa mstari. Nyuma ya mlango wa jiko alichora wiki nzima kwa chaki ya bluu, kila siku na chakula chake. Msomi aliandika maneno, na Fundi aliyasoma kwa kidole kila asubuhi: "Ju-ma-ta-tu. Mchele. Vi-kom-be vi-wi-li." Walinunua kilichokuwa mlangoni tu. Kisichokuwa mlangoni hakikuingia mlangoni.

Zamani walinunua mkaa kwa kopo, kila siku kopo. Bi Mwiko aliwaonyesha kwamba makopo yanayojaza gunia moja yana bei ya gunia moja na nusu. Basi nyumba tatu zikachanga, zikanunua gunia moja kubwa, zikagawana kwa ndoo. Sabuni ya mche waliikata vipande na kuianika kabla ya kuitumia, kwa sababu ikikauka haiyeyuki haraka. Taa iliwaka penye watu na kuzimwa pasipo na watu. Mikono ya mashati ikapona.

Ikabaki ndoo ya Rangi.

"Kila kitu nitaacha," alisema. "Maji ya moto siachi. Mimi ni binadamu."

"Hakuna anayekuambia uache," alisema Fundi. "Nakuambia usiyachemshe kwa cherehani yangu."

Rangi alikwenda kazini akiwaza. Alirudi na mabaki ya rangi nyeusi chini ya kopo. Akachukua dumu kuukuu, akalipaka lote jeusi, akalijaza maji, akaliweka juani tangu asubuhi. Jioni alitoka bafuni anang'aa.

"Yamepata moto! Nimegundua jua!" alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Hongera, Baba," alisema Msomi. "Lilikuwa limejificha wapi siku zote?"

Mto wa kahawia ukaanza kunenepa. Mwisho wa wiki ya tano Fundi alihitaji kuubonyeza ili aushone.

Lakini kulikuwa na kitundu kimoja kilichokataa kuzibwa. Sukari.

Fundi aliipima kwa kijiko. Kilo moja ilipaswa kumaliza wiki. Ilimaliza siku nne. Alipima tena. Siku nne. Sisimizi hawakuwepo. Msomi, kwa busara yake, alisema ni panya.

"Panya anafunua kopo na kulifunika?" aliuliza Fundi.

"Panya wa siku hizi wamesoma, Mama."

Macho yote yakamgeukia Rangi, kwa sababu alijulikana kwa vijiko vitatu. Rangi hakujitetea. Siku iliyofuata alikunywa chai bila sukari. Akanywa hivyo siku tano, uso umekunjamana kama yale maharagwe. "Labda ni mimi," alisema. "Labda mkono wangu unachota bila mimi kujua." Hata hivyo sukari iliendelea kupungua.

Wiki ya sita, Fundi alipiga hesabu ya mto. Akapiga tena. Kwa mwendo ule, siku ya mzee pesa zingepungua. Zingepungua kidogo tu, upana wa kidole. Lakini gauni likipungua kidole halifungi.

"Wiki mbili," alisema. "Na simwachii mtu cherehani yangu kwa ajili ya panya."

Hapa karatasi yangu iliharibika kidogo kwa maji ya chai. Tuiruke. Yatosha kusema kwamba panya alihama, sukari ikaacha kupotea, na hakuna haja ya maelezo.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mzee alifika na fimbo yake. Nyuma yake alikuja mtu wa mkokoteni, tayari kubeba cherehani. Fundi alimpa mzee kiti. Akaleta mto. Akaufumua mbele yake, mshono kwa mshono, bila haraka. Mzee alihesabu, midomo ikicheza. Rangi alishusha pumzi na kuivuta tena.

"Zimetimia," alisema mzee. Akamgeukia mtu wa mkokoteni. "Rudi, kijana. Cherehani imekwisha fika kwake."

Kisha akatoa mfukoni chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, akaiweka mezani. "Na hii ni yake pia. Imezoea."

Fundi hakulia. Alikaa, akaweka miguu mahali pake, akakanyaga. Mbuzi akaanza kutafuna mahindi, na sasa alikuwa mbuzi wa nyumbani. Mpaka leo kikapu kinapika, dumu linaota jua, na wiki iko nyuma ya mlango. Wote wakaishi kwa furaha. Mwisho.

Si mwisho.

Mama amesoma mpaka hapa, kwa kidole, neno kwa neno. Amegeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaniuliza, "Chai iko wapi?"

"Chai gani, Mama?"

"Iliyoharibu karatasi. Naona karatasi safi. Rudi pale. Andika habari za chaki."

Haya. Msomi mwenye adabu na uso usio na hatia ndiye mimi. Panya aliyesoma ndiye mimi pia.

Wiki ile ya sita Mama alikwangua chaki ya bluu ikawa unga, akaupaka chini ya mfuniko wa kopo la sukari. Asubuhi alituita tuonyeshe mikono. Ya Baba ilikuwa na kijani, njano na nyeupe.

"Wewe mikono yako haina ushahidi," Mama alimwambia. "Ina maonyesho. Lakini bluu haipo."

Mimi nilikuwa nimenawa vizuri sana. Nikanyoosha mikono kama malaika. Mama hakuitazama. Alinitazama ncha ya pua, iliyokuwa ya bluu.

Za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa thelathini na tisa na pua.

Bweni hufundisha mambo mengi, na moja ni hili: mwenye sukari ndani ya sanduku ni mfalme. Nilikuwa nachota vijiko kadhaa kila siku, najiwekea akiba ya muhula. Mama alifungua sanduku langu. Akatoa mifuko, mmoja mmoja. Kilo mbili na nusu.

Nilijaribu kueleza kwamba mimi pia nilikuwa nabana matumizi.

Mama hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba yako amekunywa chai chungu siku tano kwa ajili yako."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Nikatamani kuingia ndani ya kile kikapu na kufunikwa.

Wiki mbili zilizobaki hatukununua sukari. Tulitumia ile ya sandukuni, na pesa yake ikaingia kwenye mto. Ndiyo iliyoziba upana wa kidole. Baba alirudishiwa vijiko vyake vitatu kwa siku tano. Siku ya sita akapunguza mwenyewe vikawa viwili, akasema amezoea. Adhabu yangu ni kuandika haya yote kwa maneno mepesi, ili darasa la Bi Mwiko lipate kitu cha kusoma Jumamosi.

Nimeandika. Nimekiri. Kesho narudi bweni, moyo mwepesi, sanduku tupu.

Mama amechukua karatasi hizi tena. Anasoma kwa sauti. Anasoma haraka siku hizi, haraka kuliko nilivyodhani. Amekwisha fika kwenye "sanduku tupu". Anaitazama sketi yangu ya shule iliyoning'inia ukutani. Anautazama upindo wake. Mshono wa upindo ule ni wangu, na ni mkubwa kama hatua za ng'ombe.

Robo kilo, Mama. Robo kilo tu. Naleta mkasi.